Istilahi za Kufundishia Misingi ya Kiingereza: Tahakiki ya Faharasa ya Mtaala wa Uingereza

1. Utangulizi

Mwezi Septemba 2013 Wizara ya Elimu ya Uingereza ilichapisha mtaala mpya wa taifa, ambao ulianza kutumika Septemba 2014. Pamoja na sehemu ya somo la Kiingereza iliambatishwa faharasa ya istilahi, iliyopangwa kwa alfabeti, ambamo kila istilahi imepewa maelezo mafupi na mifano. Faharasa hiyo ndiyo tunayokusudia kuihakiki katika makala haya. Yafaa tuseme mapema kwamba neno "Uingereza" tunalitumia hapa kwa maana ya England peke yake, kwa kuwa Uskoti, Welisi na Ireland ya Kaskazini zina mitaala yao wenyewe.

Msomaji ana haki ya kuuliza faharasa iliyoandikwa kwa ajili ya shule za Waingereza inatuhusu nini. Inatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, katika shule nyingi za msingi za Tanzania Kiingereza hufundishwa kama somo, na mwalimu hulieleza somo hilo kwa Kiswahili. Kisha mwanafunzi huyo huyo akiingia sekondari hukuta Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia masomo karibu yote. Anachokosea kuhusu Kiingereza katika shule ya msingi hukibeba hadi kwenye historia, biolojia na fizikia. Pili, wafasiri wa vitabu vya kiada na viongozi vya mwalimu hawana budi kuzipatia istilahi za Waingereza visawe vya Kiswahili, na mara nyingi kazi hiyo hufanywa kwa haraka, neno kwa neno, bila kupima kisawe kitafanya kazi gani darasani.

Hoja yetu katika tahakiki hii ni moja. Istilahi ya kufundishia lugha ya kigeni haina budi kuonyesha mahali lugha hiyo inapoachana na lugha ya mwanafunzi. Istilahi inayopaficha mahali hapo, hata ikiwa fasaha na imekwisha kuzoeleka, humzalia mwanafunzi makosa. Tutaipima faharasa, na visawe vyetu pia, kwa kipimo hicho.

2. Ubora wa faharasa

Sifa ya kwanza ya faharasa hii ni uaminifu wa maelezo yake. Kwa muda mrefu sarufi za Kiingereza zilikopa mno kutoka Kilatini. William Bullokar, aliyechapisha sarufi ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1586, aliifuata njia ya sarufi ya Kilatini iliyokuwa ikitumika mashuleni wakati wake, na wengi waliomfuata waliendelea kukivisha Kiingereza vazi ambalo halikushonwa kwa kipimo chake. Faharasa ya mwaka 2013 imelivua vazi hilo kwa kiasi kikubwa. Inaeleza maneno kwa jinsi yanavyotumika katika Kiingereza chenyewe.

Tuchukue mfano wa nomino. Walimu wengi, wa kwao na wa kwetu, huwaambia watoto kwamba nomino ni neno linalotaja jina la mtu, kitu au mahali, na kwamba kitenzi ni neno la kutenda. Faharasa inakiri kwamba maelezo hayo aghalabu ni kweli, lakini inaonya kwamba hayatoshi kuitenga aina moja ya neno na nyingine. Njia ya hakika, inasema, ni kutazama neno linavyotumika: nomino huweza kufuata neno kama "the", na kitenzi huweza kubadilika kwa njeo. Onyo hilo lina maana kubwa. Neno "arrival" linataja tendo, nalo ni nomino. Neno "know" halitaji tendo lolote linaloonekana, nalo ni kitenzi. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa maana peke yake atayakosea yote mawili. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuichukua njia hiyo hata katika somo la Kiswahili, kwa kuwa upatanisho wa ngeli hutambulisha nomino kwa uhakika zaidi kuliko habari ya "jina la kitu".

Sifa ya pili ni kwamba faharasa inatenga mambo ambayo mazoea huyachanganya: sauti na herufi, aina ya neno na kazi ya neno, wakati na njeo. Mitengo hiyo ndiyo inayohatarishwa zaidi katika tafsiri.

3. Kusoma

Mtaala wa Uingereza umeugawa usomaji katika pande mbili: kuyasoma maneno yaliyoandikwa, na kufahamu yanachosema. Kiswahili kina kitenzi kimoja, "kusoma", nacho kinabeba mzigo mzito. Kusoma ni kutamka yaliyoandikwa. Kusoma ni kuelewa. Tena kusoma ni kwenda shule. Katika kufundisha Kiswahili uzito huo hauleti hasara kubwa, kwa sababu maandishi yetu yanafuata matamshi, na mtoto anayetamka neno "mlango" kwa kawaida analijua tangu nyumbani. Akisha kulitamka amekwisha kulifahamu.

Kwa Kiingereza sivyo. Mtoto aliyefuzu masomo ya KKK kwa Kiswahili anazijua herufi zote, na anaweza kulipitia fungu la maneno ya Kiingereza kwa sauti bila kukwama, huku hajui linasema nini. Mwalimu huandika kwamba mtoto "anasoma", wala hakusema uongo, kwa kuwa neno lenyewe linamruhusu. Hasara huonekana miaka michache baadaye, kidato cha kwanza, mbele ya kitabu cha jiografia. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika viongozi vya mwalimu wa Kiingereza neno "kusoma" lisitumike peke yake mahali panapotakiwa kipimo. Pasemwe "usomaji wa maneno" panapohusika kuyatambua na kuyatamka, na "ufahamu" panapohusika maana. Istilahi zote mbili ni nyepesi, na ya pili imekwisha kukaa mashuleni siku nyingi.

Jambo la pili ni sauti na herufi. Faharasa inaeleza irabu kuwa ni sauti inayotamkwa bila hewa kuzuiwa, kisha inasema kwamba herufi a, e, i, o, u na y huweza kuiwakilisha. Maelezo hayo yanaanza na sauti, na herufi zinafuata. Darasani kwetu husikika mara nyingi kwamba Kiingereza "kina irabu tano". Hilo si kweli. Kiingereza kina herufi 26, lakini matamshi ya kusini mwa Uingereza yanayofundishwa sana kwa wageni kwa kawaida huelezwa kuwa na fonimu 44, na kati ya hizo irabu ni 20. Kiswahili ndicho chenye irabu tano, kila moja na herufi yake, na kwa sababu hiyo hatudhuriki tukiita herufi "irabu". Kosa lisiloonekana nyumbani huonekana ugenini. Mtoto aliyeambiwa kwamba irabu ni tano tu hana sababu ya kutafuta tofauti kati ya "ship" na "sheep", wala kati ya "full" na "fool". Akiyatamka sawa, amefuata alichofundishwa.

Tunashauri, basi, kwamba katika maandishi yote ya kufundishia Kiingereza "irabu" na "konsonanti" ziwe majina ya sauti pekee. Panapohusika alama zilizoandikwa, isemwe "herufi a" au "herufi za irabu".

Kutoka hapo tunafikia istilahi mbili ambazo wafasiri wengi huzikimbia, yaani "digraph" na "split digraph". Ya kwanza ni herufi mbili zinazoandika sauti moja. Baadhi ya wafasiri wameiacha kwa Kiingereza, kana kwamba ni jambo geni. Si geni hata kidogo. Kiswahili kinaandika sh, ch, th, dh, gh na ny kwa njia hiyo hiyo, na kila mtoto wa darasa la kwanza amezisoma. Tunapendekeza "jozi ya herufi". Mwalimu akianzia kwenye "sh" ya "shamba" na kuivusha hadi kwenye "ship", amemjengea mwanafunzi daraja kwa mbao za nyumbani. Lakini daraja hilo hilo lionyeshe lilipokatika. Kiswahili kinatenga "th" ya "thamani" na "dh" ya "dhahabu". Kiingereza kinaandika zote mbili kwa "th", kama katika "thin" na "this". Katika jambo hilo tahajia yetu ni timilifu kuliko yao, na mwanafunzi aelezwe hivyo, ili asidhani kwamba ugumu anaouona ni upungufu wake.

Ya pili ni jozi ambayo herufi zake zimetenganishwa na nyingine, kama a na e katika "make", au i na e katika "time". Hapa Kiswahili hakina mfano, kwa hiyo istilahi ijieleze yenyewe: "jozi iliyotenganishwa". Mwanafunzi akiijua, hataona haja ya kuitamka e ya mwisho, wala hatashangaa kwamba "hat" na "hate" zina irabu mbalimbali.

Mwisho katika fungu hili ni "silabi". Njia ya ba, be, bi, bo, bu imewafundisha kusoma vizazi vingi vya Waswahili, nayo inastahili heshima, kwa kuwa silabi ya Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu. Silabi ya Kiingereza haina desturi hiyo. Neno "strengths" ni silabi moja tu, na lina konsonanti kabla na baada ya irabu yake. Mwalimu anayeichukua njia ya silabi kama ilivyo na kuipeleka kwenye Kiingereza humfundisha mtoto kupachika irabu pasipo na irabu, na "book" ikawa "buku". Shule za Uingereza husisitiza kuunganisha sauti moja moja, na tangu mwaka 2012 watoto wa mwaka wa kwanza wamepimwa kwa maneno 40, ambayo 20 kati yake ni maneno bandia yasiyo na maana yoyote, ili ijulikane kama mtoto anaunganisha sauti au amekariri sura ya neno. Hatusemi kwamba mtihani huo unatufaa. Twasema tu kwamba kiongozi cha mwalimu wetu kinapaswa kutenga "njia ya silabi" na "njia ya sauti", na kueleza kwamba Kiingereza kinaihitaji ya pili.

4. Kuandika

Katika kuandika pia mtaala unatenga mambo mawili: upande wa mkono na tahajia, na upande wa kutunga. Kwetu majina yapo tayari: mwandiko, tahajia, insha. Tatizo ni neno la nne, "imla", ambalo walimu wengi hulitumia kwa maana ya tahajia. Imla ni zoezi la kuandika kinachosomwa. Katika Kiswahili zoezi hilo linatosha kupima tahajia, kwa kuwa anayesikia vizuri ataandika vizuri. Katika Kiingereza masikio hayatoshi. "Right", "write" na "rite" husikika sawa. Anayeandika hana budi kujua maana. Herufi g ya "sign" haisikiki, lakini sababu ya kuwapo kwake inaonekana mara tu mwanafunzi anapoonyeshwa "signature", ambamo g hiyo inatamkwa. Tahajia ya Kiingereza, basi, hufundishwa kwa sauti, kwa maana, na kwa ukoo wa maneno. Tukiiita yote "imla" tunamwambia mwalimu kwamba kazi yake ni kusoma maneno kumi kwa sauti na kusahihisha.

Ukoo wa maneno unatuleta kwenye "root word", istilahi ambayo faharasa yenyewe inakiri kwamba hutumika mashuleni tu. Mfasiri wa haraka ataandika "mzizi". Hapo atakuwa amepotea, kwa sababu faharasa inasema kwamba neno la namna hiyo huweza kusimama peke yake: "play" husimama, kisha huzaa "player" na "playful". Mzizi wa Kiswahili hausimami. Mzizi -chez- si neno mpaka upate viambishi, ndipo tupate "cheza", "mchezo", "mchezaji". Tukiita "play" mzizi, mwanafunzi makini atauliza viambishi vyake viko wapi. Asiyekuwa makini ataacha kuelewa mzizi ni nini katika lugha zote mbili. Tunapendekeza "neno msingi" kwa Kiingereza, na "mzizi" ubaki na maana yake.

5. Sarufi

Katika sarufi tutataja istilahi tatu, ambazo kwa maoni yetu ndizo zenye madhara makubwa zaidi zikitafsiriwa vibaya.

Ya kwanza ni "determiner", aina ya maneno inayokusanya "a", "the", "this", "my", "some" na mengine ya jinsi hiyo. Vitabu vyetu vya Kiswahili huita "hiki" kivumishi cha kuonyesha, na "changu" kivumishi cha kumiliki. Ni sawa kwa Kiswahili. Mfasiri akilichukua jina hilo na kuita "this" na "my" vivumishi, amefuta mpaka ambao Kiingereza kimeuchora waziwazi. Vivumishi vya Kiingereza huweza kufuatana: "a big old red house". Maneno haya mengine hayafuatani hivyo. Msemaji wa Kiswahili husema "kitabu changu hiki", na hakosei. Akiambiwa kwamba "my" na "this" ni vivumishi kama "big" na "red", ataandika "this my book", naye atakuwa ametii kanuni aliyopewa. Vivyo hivyo ataandika "I bought book", kwa kuwa kivumishi huweza kuachwa na sentensi ikabaki salama, lakini nomino ya Kiingereza yenye kuhesabika, ikiwa katika umoja, kwa kawaida haisimami bila neno moja la aina hii mbele yake. Mtoto wa Kiingereza hahitaji kuambiwa hivyo; wetu anahitaji. Kisawe "kibainishi", ambacho wanaisimu wa Kiswahili wanakifahamu, kinafaa kabisa. Kitumike, na kiandamane na kanuni zake mbili: hakiachwi hovyo, na kwa kawaida "my", "this" na "the" haviwekwi viwili kwa nomino moja.

Ya pili ni tofauti kati ya "adverb" na "adverbial". Ya kwanza ni aina ya neno. Ya pili ni kazi inayofanywa na neno, kirai au kishazi katika sentensi. Kiswahili kimebahatika kuwa na maneno mawili, "kielezi" na "chagizo". Hata hivyo tunaona tafsiri zinazoandika "kielezi" kwa yote mawili. Matokeo yake ni kwamba "before the rain" inaitwa kielezi, na mwanafunzi haoni kwamba ndani yake hamna kielezi hata kimoja. Chagizo ikitangulia sentensi Waingereza huiita "fronted adverbial". Sisi tuiite "chagizo tangulizi". Mwanafunzi wetu hapati shida hapa, kwa kuwa Kiswahili nacho husema "Kabla ya mvua kunyesha, tulivuna". Kwa hiyo istilahi hii ni ya mfasiri na mwalimu. Si lazima mtoto aibebe kichwani.

Ya tatu ni njeo. Faharasa inasema kwamba vitenzi vya Kiingereza vina njeo mbili, ya sasa na ya wakati uliopita, na kwamba hakuna umbo la kitenzi la wakati ujao linalolingana na hizo mbili. Walimu waliokariri jedwali la "nyakati kumi na mbili" za Kiingereza watashtuka. Lakini shaka hiyo huondoka mara tunapotenga maneno ambayo Kiswahili kimetupa bila gharama: "wakati" ni habari ya dunia, "njeo" ni habari ya kitenzi. Wakati ujao upo kwa Waingereza kama kwa watu wote. Njeo yake haipo. Kiswahili kinapachika -ta- ndani ya kitenzi, "ataondoka". Kiingereza kinaazima njia nyingine: neno "will", au "is going to", au njeo ya sasa yenyewe, kama katika "She leaves tomorrow". Mwanafunzi anayefundishwa kwamba "will" ni -ta- ya Waingereza ataandika "When he will come, I will tell him", kwa kuwa Kiswahili husema "atakapokuja, nitamwambia". Kosa hilo limo katika madaftari mengi mno kuitwa uzembe wa mwanafunzi mmoja mmoja. Limetokana na istilahi. Jedwali lile liitwe "miundo ya kitenzi", ambamo njeo na hali zimechanganyika, na jina la njeo libaki kwa njeo.

6. Kasoro

Baada ya kuisifu faharasa, hatuna budi kuonyesha ilipokosewa, na zaidi ilivyotumiwa vibaya.

Katika utangulizi wake inasema kwamba imekusudiwa kumsaidia mwalimu, wala si hazina ya maarifa ambayo mwanafunzi anapaswa kujifunza. Lakini kiambatisho kingine cha mtaala huo huo kinaorodhesha istilahi za wanafunzi mwaka baada ya mwaka: "determiner" mwaka wa nne, "modal verb" mwaka wa tano, "subject" na "object" mwaka wa sita. Tena tangu mwaka 2013 watoto wa miaka 10 na 11 waliwekewa mtihani wa sarufi, uakifishaji na tahajia, unaowataka wazitambue istilahi hizo. Chombo cha mwalimu kikageuka kuwa swali la mtoto. Neno likishaingia katika mtihani hufundishwa kwa ajili ya mtihani.

Mfano ulio wazi ni wa mwaka 2016. Sentensi ya mshangao ilielezwa rasmi, kwa madhumuni ya upimaji, kuwa ni ile inayoanza kwa "what" au "how" na yenye kitenzi. Kwa kipimo hicho "What a big house you have!" ni sentensi ya mshangao, na "You are late!" siyo, hata msemaji akiitamka kwa mshangao wote wa dunia. Mtaalamu wa istilahi anaweza kuutetea ufinyu huo, kwa kuwa kutenga muundo na hisia ni jambo halali. Lakini fasili finyu ni ya kuchambulia. Ikitumiwa kumnyima alama mtoto aliyeandika Kiingereza sahihi, imetoka nje ya kazi yake. Mwandishi wa watoto Michael Rosen alikuwa miongoni mwa walioupinga hadharani mtindo huo wa kupima sarufi. Na mwaka 2020 na 2021, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, wazazi wengi waliokuwa wakiwafundisha watoto nyumbani waliikuta "fronted adverbial" na kuifanya mfano wa istilahi isiyo na faida.

Je, ina faida? Utafiti unajibu kwa tahadhari. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha York na kuchapishwa mwaka 2004 yalikuta ushahidi mdogo sana kwamba kufundisha kanuni za sintaksia kunaboresha uandishi wa watoto wa miaka 5 hadi 16. Jaribio la Chuo Kikuu cha London lililochapishwa mwaka 2022, lililowahusu watoto wa mwaka wa pili, halikuonyesha maendeleo ya maana katika uandishi wa masimulizi. Kwa upande mwingine, utafiti wa Debra Myhill na wenzake wa Exeter, uliotolewa mwaka 2012, ulionyesha kwamba sarufi ikifundishwa ndani ya kazi ya kuandika, kwa kumwonyesha mwanafunzi uchaguzi wa miundo na athari zake, uandishi hunufaika, hasa kwa wale ambao tayari wana uwezo.

Hayo yote yalihusu watoto ambao wengi wao wanakizungumza Kiingereza kabla ya kuja shule. Tusiyahamishe yalivyo. Mtoto wa Kiingereza hasemi "this my book", kwa hiyo jina "kibainishi" halimwongezei kitu asichokuwa nacho. Mtoto wetu husema. Kwake kanuni ni dawa, na istilahi ni kibandiko cha chupa, kinachomwezesha mwalimu kuikuta dawa upesi. Lakini hakuna anayepona kwa kukariri kibandiko. Hapo ndipo tunapopaswa kujifunza kutokana na Uingereza bila kuifuata: tuwe na istilahi sahihi mikononi mwa mwalimu, na tupime watoto kwa wanachosoma na wanachoandika.

7. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawapendekezea wafasiri, walimu na waandaaji wa mitaala yafuatayo:

(a) "Usomaji wa maneno" na "ufahamu" vitengwe katika vipimo vyote vya kusoma Kiingereza.

(b) "Irabu" na "konsonanti" ziwe majina ya sauti. Alama ziitwe "herufi".

(c) "Jozi ya herufi" na "jozi iliyotenganishwa" zitumike kwa herufi mbili zenye sauti moja.

(d) "Imla" ibaki jina la zoezi. Somo liitwe "tahajia".

(e) "Neno msingi" litumike kwa neno la Kiingereza linalozaa mengine. "Mzizi" ubaki kwa umbo lisilosimama peke yake.

(f) "Kibainishi" kitengwe na "kivumishi", na "chagizo" na "kielezi".

(g) "Njeo" itengwe na "wakati", na jedwali la "nyakati kumi na mbili" libadilishwe jina.

(h) Kila faharasa ya Kiswahili ya somo la Kiingereza ionyeshe, mbele ya kila istilahi, kama ni ya mwalimu peke yake au pia ni ya mwanafunzi.

Pendekezo la mwisho ndilo tunalolitilia mkazo zaidi, kwa sababu kukosekana kwake ndiko kulikoigeuza faharasa nzuri kuwa mzigo. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Istilahi hukopwa kwa siku moja mezani kwa mfasiri. Anayelipa ni mwanafunzi, kwa miaka. Wasomaji walio darasani wanajua kuliko sisi ni visawe gani vinavyofanya kazi na vipi vimekataa. Tunawaomba watuandikie, na mapendekezo yao yaambatane na mifano kutoka madaftari ya wanafunzi, kwa kuwa humo ndimo istilahi hupimwa.